Msonobari unaohitaji moto

Kwa mpanda miti, moto ni adui. Lakini kusini-mashariki mwa Marekani kuna msonobari wa majani marefu unaoutegemea. Mche wake huanza kama fungu la nyasi, kichipukizi kikikingwa na majani, hivyo moto hupita nao ukabaki. Usipochomwa kila miaka michache, vichaka huufunika.

Misitu hiyo ilienea takriban hekta milioni 36. Ikabaki chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi. Cheti cha FSC hudai mimea na wanyama wa asili walindwe, na humpa mwenye msitu soko. Ila mti huu hukua polepole, na kuchoma kwa mpango ni gharama. Tunavyoona, bei ya mbao ndiyo itakayoamua.

Msikilizaji, usijaribu kwako: msonobari wa patula, unaopandwa sana Sao Hill, huuawa na moto.