Msilaumu Fomula

Mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vidogo wanalia. Tangu msimu wa 2024, timu ya Division III isiyotwaa ubingwa wa ligi yake huingia mtoano kwa fomula, NPI: hasa ushindi wako na ubora wa wapinzani. Eti fomula haijui kitambaa cha njano cha dakika ya mwisho, wala kengele ambayo Wabash na DePauw wanagombea tangu 1932. Kweli haijui. Lakini kamati iliyojifungia chumbani iliwahi kumrudishia nani yadi 15 za adhabu? Fomula naikokotoa mwenyewe. Ukiona wapinzani wamepewa uzito mno, badilisha namba, endesha tena, uone nani anatoka.