Sahihi ya Simba wa Witu

Msimamishe kijana wa kidato cha nne pale Minjila umuulize habari za Churchill, atakujibu bila kusita. Muulize habari za Fumo Bakari, naye atakuuliza huyo anagombea wadi gani. Simlaumu kijana. Nawalaumu wazee wenzangu wa Ngao, Tarasaa na Garsen, maana vita vya Sultani Fumo Bakari vilipiganwa Witu, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapa tulipo, na chanzo chake ni jambo ambalo hadi leo linatusumbua katika delta hii ya Tana: karatasi ya ardhi iliyotiwa sahihi na wachache.

Huwezi kumwelewa Fumo Bakari bila kumjua aliyemtangulia, Ahmed bin Fumo Luti, ambaye watu walimwita Simba. Alikuwa wa ukoo wa Nabahani, watawala wa Pate tangu zamani. Masultani wa Unguja walipokaza mkono wao juu ya visiwa vya Lamu, Simba alivuka bara, akapitia Kau kwenye mto Ozi, na katika miaka ya 1860 akajikita msituni Witu. Huko alifungua mlango uliowachukiza sana wenye mashamba wa pwani. Watumwa waliotoroka walipokewa, wakapata mahali pa kulima na kujenga, na bunduki zao zikawa ngao ya mji. Watu hao waliitwa watoro. Wapo wanaomsifu Simba kwa hilo na kumwita mkombozi. Mimi sifiki huko, kwa sababu watu wa Witu nao walishutumiwa kwa kuvamia jirani na kuteka watu. Sifa ya kumpokea mtoro haifuti kilio cha aliyetekwa.

Lakini Simba hakuwa mjinga. Alijua kwamba Sayyid Barghash wa Unguja hatamwacha. Basi walipotokea ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliokuwa wamekwisha kuupanda mto Tana katika safari ya mwaka 1878 na kuijua nchi, alikubali kuzungumza nao. Tarehe 8 Aprili 1885 Simba alitia sahihi, akawapa sehemu ya ardhi yake naye akapata urafiki wa dola yenye manowari. Tarehe 27 Mei mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Barghash alilalamika hadi akanyamazishwa. Kwa muda Simba alionekana ameshinda, na hata mimi nikijiweka mahali pake, adui akiwa mlangoni, siwezi kuapa kwamba ningeukataa mkono ule.

Simba alifariki kabla deni halijaiva. Fumo Bakari akarithi kiti, na pamoja na kiti akarithi karatasi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wao. Uingereza ikatoa Heligoland, kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini, na Ujerumani ikaachia madai yake huku kwetu, Witu ikiwamo. Yule mlinzi aliyeletwa na karatasi aliondoka kwa karatasi nyingine, na Fumo Bakari hakuwamo katika chumba ilimotiwa sahihi. Hapa Ngao kwenyewe, wamishenari wa Neukirchen, Wajerumani waliokuwa wameanza kazi miongoni mwa Wapokomo, walijikuta katika nchi ya Waingereza. Mpokomo aliyekuwa akipiga kafi mtoni siku hiyo hakuambiwa neno.

Septemba 1890 Mjerumani Andreas Küntzel alifika Witu na wenzake ili kukata na kupasua mbao. Sultani hakumruhusu. Ugomvi ukazuka langoni mwa mji, risasi zikalia, na Küntzel na wenzake kadhaa wakauawa. Uingereza ikamtaka Fumo Bakari ajitokeze ahukumiwe, naye akakataa. Mwisho wa Oktoba jeshi la Admirali Fremantle, lililoshukia Kipini, likaingia Witu na kuuteketeza mji kwa moto. Fumo Bakari akakimbilia msituni, na Januari 1891 akafariki. Baada yake Fumo Omari aliendelea kupigana kutoka ngome za msituni, Pumwani na Jongeni, hata Waingereza wakalazimika kurudi na jeshi jingine mwaka 1893.

Sasa wasomaji wataniuliza: je, Fumo Bakari alikuwa shujaa? Kukataa kwenda kujisalimisha mbele ya mahakama ya mgeni si jambo la mwoga. Lakini swali hilo ndilo linalotupoteza. Tunapenda kumpima kiongozi wa vita kwa siku ya risasi, alisimama au alikimbia, tukasahau miaka iliyotangulia risasi. Mji wa Witu uliwashwa moto mwaka 1890, lakini kuni zake zilikusanywa mwaka 1885, siku ambayo mtu mmoja na washauri wake wachache waliamua mambo ya nchi nzima. Watoro waliolima pale, ambao ndio waliobeba bunduki na ndio waliounguliwa nyumba, walikuwa na neno gani katika mapatano ya Aprili?

Atanijibu mtu: wakati wa hatari hakuna nafasi ya kuitisha mikutano. Hoja hiyo naisikia kila mwaka, na kila mwaka anayeitoa ndiye aliyeshika kalamu. Mtazame Mekatilili wa Menza, kule kwa Wagiriama, mwaka 1913. Hakuwa na kiti cha enzi wala manowari. Alizunguka kijiji hadi kijiji, akawakusanya watu, wakala kiapo cha kuukataa utawala wa Waingereza. Alikamatwa akapelekwa uhamishoni Kisii, lakini neno alilolisema lilibaki kuwa la watu wengi, wala halikuondoka naye.

Na sisi je? Mwaka 2008 tulisikia kwamba Katar inataka hekta 40,000 katika delta yetu, tukasikia pia mashamba makubwa ya miwa, na wengi wetu tulizipata habari hizo redioni kabla ya kuzisikia barazani. Agosti 2012, pale Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Sisemi kwamba karatasi ndizo zilizoua. Kulikuwa na ugomvi wa malisho, wa mashamba, wa maji, na siasa ikaupulizia. Lakini mahali ambapo mkulima na mfugaji hawajui ardhi ni ya nani kesho, kila ng'ombe anayepita shambani huwa tangazo la vita.

Leo tuna chombo ambacho watoro wa Witu hawakuwa nacho. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mapatano ya uwekezaji katika ardhi ya jamii hayawi halali mpaka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo wayakubali katika mkutano. Si mbunge, si gavana, si mwenyekiti na wapambe wake. Lakini ili jamii iitwe jamii mbele ya sheria, lazima ijiandikishe, na ardhi isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yetu. Kuna vijiji ambavyo habari hiyo bado ni mpya.

Basi wazee wangu wa gasa, baraza letu Wapokomo, na ndugu zetu wa matadeda, baraza la Waorma, kaeni pamoja kabla ya kampeni za 2027 hazijatuchanganya. Andikeni malka, njia za mifugo kwenda mtoni, ziko wapi na mashamba yanaishia wapi. Mgombea yeyote atakayekuja Ngao na habari za mwekezaji aulizwe karatasi iko wapi, imeandikwa kwa lugha gani, na nani mwingine ameshaitia sahihi. Akisema ataileta baadaye, asipewe kipaza sauti.