Mazungumzo ya Kando Katika Baraza la Bao

Imezuka siku hizi desturi ya kubandika amri katika mabaraza ya starehe. Zamani mtu aliyekwenda kucheza bao alizijua adabu zake pasipo kusomewa; leo hupokewa na kipande cha karatasi ukutani. Katika baraza moja la bao lililopo Soweto, mjini Mbeya, karatasi hiyo yasema kwamba hapo ni mahali pa bao tu: siasa, dini, mpira na mengineyo ni marufuku, na atakayekiuka atatozwa shilingi 1,000. Nimeisoma mara kadhaa, na kila mara neno linalonitisha ni hilo la mwisho. Mengineyo ni yapi?

Tuwape haki yao walioiandika. Ugomvi wa siasa umevunja mabaraza mengi, na baada ya yaliyotokea nchini siku za uchaguzi wa Oktoba 2025, sina moyo wa kumlaumu mzee anayetaka wenziwe warudi majumbani salama. Mchezaji naye ana dai lake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na anayetaka kunamua vema sharti aifuate hesabu kichwani, mzunguko kwa mzunguko, kabla hajatia kete. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyeandika tasnifu yake ya udaktari huko Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao, aliona kwamba uwezo huo wa akili wastahili utafiti mzima. Mtu aliyezama katika hesabu ya namna hiyo, kumpigia kelele ni kumdhulumu. Hayo yote nayakubali.

Walakini itazameni sheria yenyewe inavyofanya kazi. Mtazamaji akimwinamia mchezaji na kumnong'oneza, "Ingia hapo, utamla nyumba," huyo amesema habari za bao, basi hana kosa. Mwenzake, mchezo ukiwa umekwisha na kete zikipangwa upya, akisema kwamba jirani amefiwa na maziko ni kesho saa nane, huyo atoe shilingi 1,000! Sheria imemwacha huru aliyeharibu mchezo, ikamtoza aliyeleta habari ya msiba. Imekosea kwa kuwa yapima maneno kwa mada yake, hali madhara ya neno hutokana na wakati linaposemwa na mtu anayeambiwa.

Tena ni nani awezaye kuchora mpaka wa mada ya bao? Sisi tunaofundisha lugha ndio wa kwanza kuishuku karatasi hiyo. Maneno ya mchezo wenyewe ni nyumba, kichwa, mtaji, kulala. Yote hayo yanaishi nje ya ubao vilevile. Aliyeliwa nyumba hutaniwa kwa habari ya kodi ya pango. Aliyekosa mtaji huulizwa mambo ya dukani kwake. Utani waanza kwenye shimo la kete na kuishia mjini, wala hakuna msimamizi mwenye sikio la kutambua ni neno la ngapi lililovuka mpaka. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao. Sidhani kama yupo atakayeamini kwamba alipoketi nalo alizungumza kete tu.

Na yapo yaliyo mazito kuliko utani. Wanaoketi barazani hapo ni wachuuzi, mafundi, madereva, wastaafu, na wakulima walioleta viazi vyao mjini. Hapo ndipo bei ya mbolea hujadiliwa kabla ya mvua, na hapo ndipo mchango wa maziko huanza. Nani ataitisha mkutano mwingine kwa ajili hiyo, na nani atahudhuria?

Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa amri ya kufunga nyumba za kahawa, ati kwa kuwa walioketi humo walieneza uvumi juu ya serikali yake. Malalamiko ya watu yakamlazimu kuiondoa Januari 1676, kabla haijaanza kutumika. Yamkini karatasi ya Soweto itafaulu pale aliposhindwa mfalme, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Maneno yakifukuzwa barazani, mbele ya wazee wenye kukanya, huhamia pembeni, kwa vijana wawili watatu wasio na wa kuwakanya.

Nionavyo mimi, karatasi ibanduliwe. Mchezo unapochezwa watazamaji wanyamaze, na hasa juu ya bao. Anayemfundisha mchezaji asogezwe mbali mpaka mchezo uishe. Ukiisha, kila mtu aseme lake, iwe siasa, iwe viazi. Tusi dhidi ya kabila au dini ya mtu likanywe papo hapo, mchezo uwepo usiwepo. Msimamizi achaguliwe miongoni mwa wachezaji, abadilishwe kila mwezi, wala asishike fedha. Na shilingi zilizokwisha kutozwa zitiwe katika mchango wa msiba wa kwanza utakaotangazwa hapo.