Hata Makanga Huhesabu Abiria Wake

Jumamosi moja mwaka huu nilipanda matatu Kitale kwenda Bungoma kutazama bendi ambayo zamani ilikuwa yangu. Tulipita Kiminini na Kamukuywa, na tuliposimama Misikhu mama mmoja akashuka kununua ndizi. Dereva alitaka kuondoka. Makanga akageuka, akatuhesabu kwa kidole, akagonga bodi. "Ngoja buda, kuna mathe wangu hajarudi." Watu wakanung'unika, lakini tukangoja hadi mama akarudi na ndizi zake.

Makala haya yanamhusu kondakta, ila si huyo. Yanamhusu yule mwingine, wa kifimbo na suti nyeusi, anayesimama mbele ya bendi ya chuo kikuu akapigiwa makofi. Ninachomdai ni kidogo sana: amfikie tu huyu wa Misikhu. Ajue ni nani hajarudi.

Bendi yenyewe ni ya chuo kikuu kilicho mbali na huku. Jina lake naliacha, kwa sababu nikilitaja mtadhani ugonjwa ni wa chuo kimoja. Walikuwa ziarani, wakijinadi kwa wanafunzi wa shule za upili, na walikodi ukumbi wa kanisa pale Bungoma. Mlangoni nilipewa kijitabu cha ratiba. Ukurasa wa kwanza, picha ya Naibu Chansela. Wa pili, mgeni wa heshima. Wa tatu, makondakta watatu, kila mmoja na picha yake, shahada zake na tuzo zake. Ukurasa wa nne ulikuwa na mstari mmoja tu: "Bendi ya Chuo, wanamuziki 38."

Thelathini na wanane. Kama viti.

Nisionekane mtu wa chuki: walipiga vizuri. Walianza na Wimbo wa Taifa, wakapiga machi, wakapiga tenzi mbili zilizowafanya akina mama wa safu ya mbele wafumbe macho, kisha wakafunga kazi na mseto wa nyimbo za Kiluhya uliotuinua sote vitini, mabega yakacheza yenyewe. Kondakta wa mwisho ni hodari, hilo silibishi. Mkono wake wa kushoto ukishuka, matuba yananyamaza kama watoto waliosikia baba akifungua lango. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kiti cha tatu cha koneti. Kijana mwembamba alikuwa amekaa pale na koneti iliyobonyea karibu na mdomo wake mpana. Pale palipobonyea napajua. Nilipashika kwa kidole gumba karibu mwaka mzima.

Koneti nilijifunzia Kitale, kwa Jeshi la Wokovu. Jeshi hilo liliingia Kenya mwaka 1921, na huku magharibi watoto wengi tulishika ala ya shaba mara ya kwanza kwenye kanisa lao, si darasani. Mwalimu wetu alikuwa mzee bawabu. Siku za wiki alilinda ghala la mahindi, Jumapili alituongoza. Shahada hakuwa nayo. Lakini ukikosa mazoezi mara mbili, jioni ungemwona mlangoni kwenu, kofia mkononi, akimuuliza mama, "Mtoto ni mgonjwa?" Nilikua nikidhani hiyo ndiyo kazi ya kondakta kila mahali.

Septemba 2024 nikaingia chuo kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Wiki ya pili nilikuwa nimeshaingia bendi. Na hapa inabidi nieleze neno, maana Kenya ya leo mwanafunzi akikwambia yuko bendi ya tano, hazungumzii tarumbeta. Chini ya mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, wanafunzi tulikuja kupangwa katika bendi tano kulingana na uwezo wa familia. Bendi ya kwanza, familia hulipa asilimia 5 ya gharama ya masomo. Bendi ya tano, asilimia 40. Mama yangu anauza sukuma na nyanya sokoni Kitale. Mimi nikajikuta bendi ya tano. Nikakata rufaa, nikangoja. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo wenyewe unakiuka Katiba. Kesi ikapelekwa Mahakama ya Rufani, na sisi tukaendelea kudaiwa kama kawaida.

Desemba hiyohiyo nilipiga koneti kwenye mahafali yangu ya kwanza. Nasema yangu, lakini yalikuwa ya wengine. Wiki moja kabla nilikuwa nimenyimwa kadi ya mtihani kwa sababu ya karo. Mahafali ya pili, mwaka uliofuata, nilipiga nikiwa nimeshafungiwa hosteli. Nilikuwa nalala kwenye stoo ya bendi, kati ya ngoma kubwa na stendi za noti. Kondakta alikuwa na ufunguo wa stoo ile. Aliliona godoro. Akachukua noti zake akatoka. Asubuhi ya sherehe alinikumbusha tu kwamba viatu viwe vyeusi.

Baada ya sherehe nikasafisha koneti, nikairudisha, nikatia sahihi, nikarudi Kitale. Kitabu cha stoo kiliandikwa kwamba koneti imerudi. Hakuna kitabu kilichoandikwa kwamba mpigaji hajarudi.

Najua nitakachoambiwa. Kwanza nitaambiwa kwamba bendi ni kitu cha wazungu, ina utaratibu wake, mpigaji ni askari na askari haulizi. Hapana. Sisi Waswahili na watu wa bara tuna historia yetu na bendi, na neno tunalo: beni. Miaka ya 1890 vijana wa pwani, Lamu na Mombasa, walichukua bendi ya kijeshi ya mkoloni wakaigeuza ngoma yao. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara, ikibebwa na askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Walikuwa na kingi wao, majenerali wao, sare na vyeo vya kuchekesha, na wapo waliowacheka kwamba wanaiga tu. Lakini beni haikuwa muziki peke yake. Ilikuwa chama. Mwanachama akiugua, wenzake walichanga. Akifa ugenini, walimzika. Aliyefika mjini bila ndugu aliwapata kwenye beni.

Kwa hiyo msiniambie bendi haiwezi kumjua mtu wake. Watu wasio na chuo, wasio na shahada hata moja, walikuwa na bendi inayozika wafu wake. Chuo kikuu chenye idara ya maslahi ya wanafunzi kinashindwa kumuuliza mtu wa kiti cha tatu anakula nini.

Pili nitaambiwa: kondakta si mhasibu. Naye ni kibarua wa mkataba, mshahara wake unachelewa, watoto wake wanadaiwa karo vilevile. Ni kweli, na ninamhurumia. Lakini kuna kitu anacho ambacho hakuna mwingine ukumbini anacho. Kondakta ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kumpa mgeni wa heshima mgongo. Waziri akiwa pale, gavana akiwa pale, askofu akiwa pale, yeye anasimama akiwapa mgongo na hakuna anayemwita mkosa adabu. Maana yake ni nini kama si kwamba uso wake ni wa waliokaa mbele yake? Sasa mtazame kondakta wa chuo siku ya mahafali. Kila dakika anageuza shingo kumtafuta mtu wa itifaki, kama mgeni amefika, kama mgeni ameketi, kama mgeni ametabasamu. Mwili uko kwetu, shingo iko kwao.

Tatu nitaambiwa: wewe ulienda kusoma ualimu, bendi ilikuwa raha yako mwenyewe. Kama ni raha, mbona nikikosa mahafali naandikiwa barua ya onyo? Raha gani hiyo ya kuandikiwa barua? Kama ni kazi, ilipwe. Hapahapa Kenya vipo vyuo vinavyowapa ufadhili wachezaji wa raga na kandanda, na hakuna anayewaambia kwamba kukimbia ni raha yao. Kule Marekani vyuo vingi huwapa wapigaji wa bendi ufadhili hata kama wanasomea uhandisi. Tunapenda kuiga joho zao na kofia zao. Tuige na hilo.

Halafu kuna suala la majina. Ukumbi mzima ulisimama kwa Wimbo wa Taifa, kondakta akainama, tukampigia makofi. Ule wimbo ulitokana na bembelezo la Wapokomo, la kumlaza mtoto, na mwaka 1963 uliandaliwa na watu watano wenye majina: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Ni wangapi pale ndani wangetaja hata wawili? Tumezoea muziki usio na watu. Na aibu ni kwamba haya yalitokea Bungoma, nyumbani kwa litungu. Huku mpiga litungu akikuona umeingia, atalipenyeza jina lako kwenye wimbo, na la baba yako, na la kijiji chenu, mpaka utoe kitu mfukoni. Hajui noti, lakini anajua nani yuko mbele yake.

Basi madai yangu ni haya, na hayahitaji tume ya kuyachunguza. Jina la kila mpigaji lichapishwe kwenye ratiba, hata kama ni kwa herufi ndogo. Kila anayepiga kwenye sherehe rasmi ya chuo alipwe, na pesa hiyo ikatwe moja kwa moja kwenye karo yake. Na mpigaji asizuiwe kufanya mtihani wiki ileile anayotakiwa kumpigia Chansela. Likikataliwa hilo la mwisho, kondakta aweke kifimbo chini. Mahafali moja tu bila bendi. Waingie kimya, watembee kimya kwenye zulia jekundu, wasikie viatu vyao wenyewe.

Onyesho lilipokwisha nilienda kumsalimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba. Wewe si... wewe si yule wa koneti?" Alicheka kwa furaha ya kweli, si mtu mbaya. "Ulipotelea wapi?"

Nikamwambia niko tu, naandika. Akasema vizuri sana, vijana mjitume, kisha mtu wa itifaki akamgusa bega wakaenda kupiga picha.

Nje, kwenye ngazi, nikamkuta yule kijana wa kiti cha tatu akifuta koneti kwa kitambaa. Nikamwonyesha jinsi ya kuishika pale ilipobonyea ili isiumize kidole. Nikamuuliza yuko bendi gani kabla ya kuja hapa, nikitaka kujua kama naye ni mtoto wa Jeshi la Wokovu.

Akatazama chini. "Ya tano," akasema. "Lakini nimekata rufaa."

Nilimuuliza jina, akaniambia. Sitaliandika hapa. Kondakta, nenda kamuulize mwenyewe, kabla koneti haijarudi stoo.