Mtoto anakosa cheti kwa sababu ya mlangoni

Mtu akiingia katika ofisi ya serikali Uvira, mara nyingi wa kwanza kumkuta si karani. Ni plantoni, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, na ndiye anayeamua nani apite na nani angoje chini ya mwembe. Kazi ya kupokea watu hakufundishwa. Amezoea tu kujibu neno moja: "Rudi kesho."

Kesho hiyo ina bei. Sheria ya familia, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto aliyezaliwa, na ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, cheti hakitoki tena bila hukumu ya mahakama, na hapo mambo ya makuta yanaanza. Sasa mama wa Kavimvira aliyejifungua juzi anakuja na mtoto mgongoni, hana karatasi ya hospitali, na hakuna aliyemwambia kwamba ilihitajika. Anarudishwa. Siku nyingine anakuta karani hayupo. Akihesabu nauli ya pikipiki kwenda na kurudi mara tatu, anaacha. Miaka inapita, mtoto anafika kwenye mtihani wa taifa bila cheti, na wote wanasema wazazi walizembea.

Si wazazi wote waliozembea. Wengine walifika mlangoni.

Halafu kuna lugha. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini tangazo likibandikwa ukutani ni Kifaransa kitupu, tena cha mahakamani. Mama anayezungumza Kifuliiru nyumbani na Kiswahili sokoni atalisoma vipi? (Wapo hata makarani wanaolisoma kwa shida.)

Wakubwa wa mji watasema hakuna fedha za kuajiri. Lakini kibao cha mbao chenye maneno ya Kiswahili, kikionyesha karatasi zinazotakiwa, siku 90 na neno BURE kwa herufi kubwa, hakihitaji bajeti kutoka Kinshasa. Na plantoni yuleyule anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja: asalimie, aulize mtoto ana siku ngapi, aangalie karatasi kabla mtu hajapanga mstari. Mwenye siku 85 apitishwe mbele, leo hii, hata kama karani anakaribia kufunga.