Bosi Asiyejua Kuuliza

Kati ya 1999 na 2015, mamia ya mawakala wa posta nchini Uingereza walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu Horizon, mfumo wa hesabu wa kampuni ya Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha. Wengine walifungwa. Wakuu wa Post Office walishikilia kwamba mfumo ni imara na hakuna aliye mbali awezaye kugusa hesabu za tawi. Kumbe mafundi wa Fujitsu waliweza. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro.

Ndiyo maana bosi wa mafundi anapaswa kujua ufundi kiasi cha kuuliza. Wapo watakaosema kazi ya meneja ni watu na bajeti, si kuandika programu. Kweli, na fundi hodari aweza kuwa meneja mbovu (wako tele). Tena kisa hiki hakikuwa ujinga mtupu. Ukweli ulifichwa pia. Lakini asiyejua nani ana ruhusa ya kubadili kumbukumbu za mfumo hawezi kutofautisha jibu la fundi na porojo za muuzaji. Hupitisha alichoambiwa, kwa sahihi yake. Bodi zetu zinapotafuta mkuu wa TEHAMA, mafundi wa taasisi nao wamhoji kabla hajapewa barua ya ajira.