Miaka 10 ya udada, halafu uliyekaa naye dawati moja unamuita "mama"

Haya wapendwa, hili limenikaa kooni tangu Desemba. Najua baadhi yenu mtaniondoa kwenye grupu. Niondoeni tu, ila someni kwanza.

Zile picha wengi mmeziona. Wadada zaidi ya thelathini, magauni ya pinki na kijani, wamesimama mbele ya shule moja ya kata huku Segese, drono inazunguka juu, kapsheni "Miaka 10 ya Udada". Likes kibao. Na mimi nimo, safu ya nyuma, natabasamu kama mjinga. Kwa hiyo hapa sisemi watu tu, najisema na mimi mwenyewe.

Tuanze na hesabu maana ndo inayoniuma. Miaka 10 tangu nini? Tangu Januari 2015, tulipoingia kidato cha kwanza na masketi yanayogusa soksi. Sherehe imehesabiwa toka siku ile. Ila walioalikwa ni tuliomaliza 2018 peke yetu. Mmeliona hilo? Miaka tunaihesabu kuanzia kidato cha kwanza, watu tunawahesabu kuanzia kidato cha nne. Hapo katikati kuna wasichana tumewafuta kama chaki.

Na hawakuwa wawili watatu. Tulianza tumejaza mikondo mitatu, tukaja kufanya mtihani wa mwisho tunatosha chumba kimoja. Mwaka tulioanza sisi ada ya shule ya kutwa ilikuwa bado ipo, elfu 20, na kuna walioirudia nyumbani hawakuonekana tena. Elimu bila malipo ilipokuja Januari 2016 wengine walishatolewa mahari. Wengine waliishia kwenye makarasha kuponda mawe, wengine mjini kulea watoto wa watu. Kila mtu huku anajua haya, hakuna siri.

Nilipouliza kwenye grupu kama tunaweza kuwatafuta, mwenyekiti (jina nalihifadhi, ila kucha zile mnazijua) akanijibu: "Utaratibu ni waliomaliza. Tukiingiza kila mtu itakuwa gulio." Ikafuata emoji ya kucheka, wakagonga na wengine. Gulio! Kama vile sisi tulizaliwa Masaki.

Hizo rangi nazo zina hadithi yake. Mjumbe mmoja wa kamati aliona kwenye simu video za wadada wa Marekani, ile wikiendi ambayo waliosoma chuo wanarudi chuoni kwao kula bata. Wale wa pinki na kijani ni Alpha Kappa Alpha, Kamala Harris ni mmoja wao. Akasema na sisi tuwe hivyo. Sawa, wanapendeza, sikatai. Lakini mtu ukiiga, soma na chini ya picha. Umoja ule ulianzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908 na wasichana weusi, wakati msichana mweusi kuingia chuo ilikuwa kama muujiza. Wenzao wa Delta Sigma Theta walianza hapo hapo Howard Januari 1913 wakiwa 22, na tarehe 3 Machi mwaka huo huo walishaingia barabarani Washington kwenye maandamano ya kudai wanawake wapige kura. Hata miezi miwili haijaisha! Sisi tumechukua kitambaa, kazi tumewaachia wenyewe.

Sasa sikilizeni kilichotokea siku yenyewe.

Asubuhi tulitoka Kahama na Noah tatu, tupige picha shuleni kisha turudi hotelini mjini kwa keki na MC. Kufika senta ya Segese njaa ikauma, tukasimama kwenye kibanda cha chapati, vumbi na kelele za makarasha hapo hapo. Mwenyekiti akashusha kioo: "Mama, chapati bei gani?"

Mama! Mtu wa miaka 25. Mtu ambaye kidato cha kwanza na cha pili alikaa dawati moja na huyo huyo anayemuita mama, na mazoezi ya hesabu alikuwa anamwachia anakili. Sijui kama alimsahau kweli au alijifanya. Mimi sikumsahau. Yule dada akasema "mia tano", akafunga kwenye gazeti, akapokea hela. Akanitazama. Mimi nikainamia simu.

Hapo ndo mjue kwa nini siwezi kunyamaza.

Kesho yake nikarudi kwake peke yangu. Ameniruhusu niandike, jina hapana. Aliacha shule 2017, kidato cha tatu, mimba. Aliyempa alikuwa mchimbaji. Sheria ilishabadilishwa 2016, anayempa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Kwao kilikaa kikao, wakatajwa ng'ombe, yakaisha, jamaa akahamia duara lingine mkoa wa jirani. Na mwaka huo huo, Juni, Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba aliyezaa harudi shule ya serikali. Ruhusa ya kurudi ilitangazwa Novemba 2021. Mwanae alikuwa anakaribia miaka minne, na sisi tulishamaliza miaka mitatu nyuma. Huyo mtoto sasa hivi yuko darasa la pili.

Nilitegemea anitukane. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Sare yenu nzuri, kitambaa mlinunua Kahama au Mwanza?"

Nilishindwa kujibu jamani.

Najua mtakachosema. Hela yetu, tumechanga wenyewe, kila mtu ana haki ya kula raha. Ni kweli. Mimi pilau naipenda kuliko nyie, na nilikula sahani mbili. Sijasema tusikutane. Mtasema pia laki na ishirini asingeweza kutoa. Nani kamuomba laki na ishirini? Drono peke yake ilikula michango ya watu wangapi? Hamkumnyima kwa sababu hana hela. Hata kumtumia ujumbe hamkutaka, kwa sababu picha ingeharibika. Kandambili na apron ya mafuta ingekaa wapi kwenye pinki na kijani?

Na kuna jingine hatulisemi. Wengi wetu tuliomaliza tulipata zero au four, mimi nikiwemo, na maisha yetu yanafanana na ya wale walioacha, tofauti ni gauni la kuazima na filta. Aliyekuwa anatufundisha hesabu ndo anakaanga chapati, sisi tuliokuwa tunanakili ndo "wasomi". Hii inachekesha ukiitazama vizuri.

Mlango bado upo. Aliyeacha anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule QT, akifaulu anafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa wasichana walioacha shule. Nilimwambia, akaacha kusukuma chapati, akaniuliza vitabu vya hesabu vya siku hizi ni vilevile?

Mwaka 2028 tutatimiza miaka 10 tangu tumalize, na kamati imeshaanza kuongea kuhusu Zanzibar. Mimi nataka daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, Januari 2015, lisomwe jina kwa jina kwenye grupu, na kila jina tujue liko wapi.

Povu ruksa hapo chini. Na mwenyekiti, najua unasoma hii. Sherehe imeisha, risiti hatujaziona. Salio la michango ni shilingi ngapi?